Ndege ya Dar–Mtwara na kukutana na rafiki mliyepotezana: ni bahati au kuna sababu? Na mkikutana mnakaaje pamoja?

#1 Shangani_Bondeni
Wakuu, salama?

Nina hoja. Basi la Dar–Mtwara linakata zaidi ya kilomita 550, unashinda na watu siku nzima, na mara nyingi unashuka hujamkuta hata mmoja unayemjua. Ndege ni ya saa moja hivi, unaingia tu mlangoni, mtu anakuita kwa jina ulilokuwa nalo darasa la sita. Nasema hii si bahati. Ndege ya kusini ina sababu zake za kukutanisha watu waliopotezana miaka 20, na naomba wanaojua waziweke hapa.

La pili ni la vitendo. Mkishaonana, mmoja yuko safu ya 4 na mwenzake ya 15, mnafanyaje mkae pamoja? Watu wengi huanza kuhangaika koridoni mlango ukishafungwa, wanaishia kubishana na wahudumu. Wajuzi wa kaunta na wa mizani ya ndege, tupeni utaratibu.

#2 Hesabu_Kavu
Ni hesabu tupu mkuu. Chukua Q400 ya Air Tanzania, ile ndege ya pangaboi, siti 76. Ukikaa wewe wanabaki 75. Sasa jiulize: katika kila watu 100 wanaopanda ndege hiyo, wangapi mnafahamiana? Tuseme mmoja tu. Uwezekano wa abiria mmoja kutokuwa mtu wako ni 0.99. Ili wote 75 wasiwe watu wako, unazidisha 0.99 kwa yenyewe mara 75, unapata kama 0.47. Kwa hiyo kukutana na angalau mmoja ni asilimia 53. Wakiwa wawili katika kila 100, inapanda hadi asilimia 78. Ikija jeti ya A220-300 yenye siti 132, kwa kiwango kilekile cha mmoja katika 100 unafika asilimia 73.

Basi nalo lina siti nyingi, lakini anayeweza kupanda basi ni kila mtu. Wanaopanda ndege ni kapu dogo, na kapu likiwa dogo unachota walewale.

#3 Mama_Chikongola
Mwanangu Hesabu, hesabu yako inawachukua watu kama mbegu zilizochanganywa vizuri kapuni. Abiria wa kusini hawajachanganywa. Angalia msiba. Kwetu wengi ni Waislamu, maiti hailazwi, mazishi ni siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Mtu akifariki usiku Mikindani, ndugu aliyeko Dar akisema apande basi la alfajiri atafika jioni, watu wameshatoka makaburini. Atatafuta ndege ya kwanza. Na mwenzake mliyecheza naye mtaa mmoja naye ana undugu au ujirani na marehemu huyohuyo, naye anatafuta ndege hiyohiyo.

Hapo hamkukutana kwa hesabu ya kapu, mmeitwa na jambo moja. Harusi ni hivyohivyo, na Idi, na watoto wanapotolewa jandoni.

Kwa hiyo ukimwona rafiki wa zamani kwenye ndege ya asubuhi katikati ya wiki, hana begi kubwa na amekaa kimya, usianze na kelele. Sema "habari za masiku, kwema huko?" kisha nyamaza umsikie. Akisema "kwema, ila…" umeshaelewa.

#4 Ghala_Kuu
Bi mkubwa #3 nakubali la msiba, lakini msiba hauna msimu. Angalieni miezi. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka ndege zinajaa kuliko kawaida, na sababu ni korosho. Mnunuzi anataka akaone mzigo ghalani, atoboe gunia, akate punje, apime unyevu. Watu wa vyama vikuu vya ushirika, wa benki, wa usafirishaji na wa Bodi ya Korosho, ambayo makao yake ni hapohapo Mtwara, wote wako njiani. Watoto wa kusini waliosoma wakaenda kufanya kazi mbali hurudishwa nyumbani na kazi hizi. Ndipo unakuta aliyemaliza Ndanda na aliyemaliza Mtwara Ufundi wamekaa safu moja, mmoja anakwenda ghalani na mwingine bandarini.

Ongeza gesi ya Mnazi Bay na mtambo wa Madimba, ongeza kiwanda cha saruji. Mafundi wanazunguka kwa zamu, wanaingia na kutoka.

#5 Mnazi_Mkinda
#4 hapo kwenye wanunuzi kusafiri umepitwa kidogo. Tangu msimu wa 2024 korosho zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi anaweka bei yake akiwa popote. Sababu yako ingetakiwa ipungue nguvu.

#6 Ghala_Kuu
Bei inawekwa popote, mzigo hauonekani popote. Skrini inakupa kiwango cha ubora, haikunusishi gunia lililolala na unyevu. Anayenunua tani nyingi atatuma mtu.

#7 Kaunta_ya_Tatu
Nijibu la siti, maana ndilo watu wanalokosea.

Wakati wa kupanga kukaa pamoja ni kabla bodingi pasi hazijachapwa. Mkionana kwenye foleni ya kaunta, nendeni wawili kwa pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake na ile namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita. Mwambie wa kaunta: "Sisi ni tiketi mbili tofauti, tunaomba siti za jirani." Anaziona zote mbili kwenye ramani ya siti, anahamisha, anachapa. Haifiki dakika mbili.

Kama mmoja ameshachapiwa, arudi kaunta na ile pasi. Ya zamani ichukuliwe au ichanwe palepale. Kinachoharibika ni hiki: mtu anabaki nazo mbili mfukoni, getini anatoa ya zamani, mashine inaikataa au siti ile ameshapewa mwingine, foleni nzima inasimama.

Kama mmeshapita ukaguzi na mmeonana kwenye viti vya kusubiria, mfuateni mhudumu wa geti kabla hajaanza kuita abiria. Akishaanza kuita hana nafasi ya kuwasikiliza, anahesabu vichwa.

Aliyechagua siti mapema kwenye simu asidhani imefungwa. Inabadilishika mradi kaunta haijafunga. Ikishafunga, orodha inakwenda kwa wanaotengeneza karatasi ya mzigo, na hapo kila kitu ni kigumu.

#8 Fundi_Mizani
Naendelea alipoishia #7, kwa sababu abiria wengi hudhani mhudumu anawakatalia kwa roho mbaya.

Ndege inasimama kwenye mizani. Kuna nukta ambayo uzito wote unakuwa kama umekusanyika hapo, na nukta hiyo lazima iwe ndani ya mipaka fulani mbele na nyuma. Chumba cha abiria hugawanywa kanda, ya mbele, ya kati na ya nyuma. Idadi ya watu wa kila kanda inaingia kwenye karatasi ya mzigo pamoja na mabegi na mafuta. Rubani anaichukua karatasi hiyo na kuseti mkia kwa ajili ya kuruka. Mkihama baada ya hapo, karatasi inasema jambo moja na ndege ina jambo lingine. Pua inakuwa nzito au nyepesi kuliko alivyotarajia, na anakuja kuligundua akiwa kwenye mwendo wa kuruka.

Sasa tofautisheni kubadilishana na kuhama. Watu wazima wawili wakibadilishana siti, idadi ya kila kanda haibadiliki. Kuhamia siti tupu ndiko kunakovuruga. Ndege ikiwa na watu nusu, zile siti tupu mnazoziona nyuma mara nyingi zimeachwa kwa makusudi. Wanne wakimfuata rafiki yao nyuma, ndege fupi inalihisi hilo.

#9 Kikwetu_Juu
Na ndege ndogo ndiyo kabisa. Za kukodi zinazotua Kikwetu hapa Lindi au Kilwa, zile Caravan za abiria kama 12, unapangiwa siti kwa uzito wako na hakuna mjadala. Unaweza kuona mzee mnene amewekwa mbele karibu na rubani na vijana wembamba nyuma. Hapo mtasalimiana chini, mtazungumza mkishatua.

Watu wa Lindi wengi hushukia Mtwara, wanamalizia kilomita 100 na ushei kwa gari. Kwa hiyo ndege moja inabeba Lindi na Mtwara pamoja. Hesabu_Kavu aliongeze kwenye kapu lake.

#10 Ligula_B
Naongezea kwa #7. Siti za mlango wa dharura zisiguswe. Anayekaa pale lazima awe mtu mzima mwenye nguvu ya kufungua mlango na anayeelewa maelekezo ya mhudumu. Huwezi kumpa nafasi hiyo bibi au mtoto ili wewe ukae na rafiki. Na mwenye mtoto wa kupakata asihamishwe hovyo kwenye jeti, kwa sababu kila upande wa safu barakoa za oksijeni za ziada mara nyingi ni moja tu. Watoto wawili wa kupakata upande mmoja, mmoja hana barakoa.

Pia majina na siti husaidia kutambua watu ajali ikitokea.

#11 Fundi_Mizani
#10 mengine yote sawa, hilo la mwisho si sawa. Utambuzi unategemea alama za vidole, meno na vinasaba. Namba ya siti haimtambulishi mtu, kwa sababu hiihii tunayoijadili: watu huhama.

#12 Mikindani_Pwani
Mmesahau adabu ya kuomba. Mkiwa mmeshaingia na kaunta imefungwa, njia pekee iliyobaki ni abiria wa jirani akubali kubadilishana. Toa kizuri kuliko unachoomba. Una dirisha? Mpe dirisha, chukua korido. Usimtoe mtu dirishani ukampeleka siti ya katikati, hiyo si kuomba. Kwenye Q400 siti ni mbili mbili, hakuna katikati, kazi ni rahisi. Kwenye A220 ni mbili kushoto na tatu kulia, kwa hiyo ombeni zile mbili za kushoto.

Maneno yawe mafupi: "Shikamoo mzee, samahani. Huyu tulisoma naye, tumepotezana miaka mingi. Siti yangu ni ile ya dirishani, safu ya sita. Ungependa tubadilishane?" Akisita kidogo tu, shukuru uondoke. Na muulizeni mhudumu kwanza, halafu msubiri taa ya mkanda izimwe.

Ukitoa dirisha la kushoto ukitokea Dar umetoa zawadi kubwa. Anaona Mafia, Kilwa, mpaka ghuba ya Lindi.

#13 Kikwetu_Juu
Mafia ndiyo iko kushoto. Kilwa na Lindi hapana. Chukua ramani, weka rula kutoka Dar hadi Mtwara. Mstari unapita juu ya delta ya Rufiji, halafu unatoka baharini, Kilwa na Songo Songo zinabaki kulia kwako, na Lindi vilevile. Wengi hudhani bahari yote iko kushoto kwa sababu ndivyo ilivyo ukiwa kwenye gari. Ndege ikifuata mstari ulionyooka, anayetaka kuiona Lindi akae kulia. Kurudi Dar, geuza.

#14 Mikindani_Pwani
Nimepima, ni kweli. Asante.

#15 Pangaboi_Sita
Kuhusu mazungumzo yenyewe. Kwenye Q400 chagueni safu za nyuma kama mnataka kusikilizana. Kila injini ina pangaboi la visu sita lenye kipenyo cha mita 4 na kidogo, na kelele kubwa iko mkabala na pale visu vinapozunguka. Ile Q ya jina maana yake ni utulivu, kwa sababu ndege hizi zina mfumo wa kupunguza kelele na mtetemo chumbani. Hata hivyo anayekaa mkabala na visu huhisi mtetemo kwenye mkono wa kiti, na mtu wa miaka 60 mwenye sikio zito atakuitikia "eeh, eeh" bila kusikia kitu.

Na pigeni hesabu ya muda. Umbali wa angani ni kama kilomita 400. Toa kupanda juu, toa kushuka, toa vinywaji vinavyopitishwa koridoni. Mnabaki na kama nusu saa ya kukaa mkiongea kwa raha. Ndiyo maana #7 ana haki, malizeni habari ya siti mkiwa chini.

#16 Mama_Chikongola
Nusu saa hiyo wengine huimaliza wakitafuta jina. Jina limepotea, uso unaujua. Kwetu kuna njia ya heshima: "Siku hizi tunakuita baba nani?" Akijibu "Baba Zuhura", umeshapata jina la kumwitia mpaka Mtwara na hujamvunjia heshima. Kwa mwanamke, "mama nani". Kama hana mtoto atakuambia mwenyewe jina lake, nawe usiendelee kuuliza habari ya watoto.

Na jambo zito kuliko hilo. Mliyecheza naye kabla ya jando alikuwa na jina lingine. Kwa Wayao mtoto akitoka jandoni anatoka na jina jipya, la utotoni linaachwa kulekule, na kumwita mtu mzima kwa jina lile ni kumtukana. Sasa wewe umekulia mjini, umemwona mtu ana suti na mkewe pembeni, unapaza sauti tangu safu ya tatu kwa jina la utoto. Atageuka dirishani kama hakusikia. Msogelee, mpe mkono, msalimie kwanza. Jina litakuja.

#17 Ndundu_Kivukoni
Wakuu, kukutana huku hakukuanza na ndege. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kila gari la kusini lilikusanyika kwenye kivuko cha Ndundu, Rufiji. Magari yalikaa foleni saa nyingi, mvua ikizidi hata siku, na watu wa Liwale, Nachingwea, Masasi na Newala wakala sahani moja kwa mamalishe. Hata daraja lilipopatikana, kilomita 60 za Ndundu–Somanga zilikuwa tope kwa miaka. Leo basi linapita moja kwa moja, abiria wamelala au wana simu. Sehemu iliyobaki ambapo watu wa kusini wanasubiri pamoja wakitazamana ni viti vya uwanja wa ndege. Sababu ni kusubiri, si kuruka.

Na barabara ikikatika tena kama Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, pale Somanga, hata asiyepanda ndege hutafuta siti.

#18 Hesabu_Kavu
#17 umenigusa, maana hesabu yangu inaonyesha uwezekano wa kuwa ndege moja, na kuonana ni jambo lingine. Kwenye basi unaona migongo. Kwenye ndege unamwona kila mtu mara tatu: foleni ya kaunta, kwenye kusubiri, na unapopita koridoni ukitafuta siti huku waliokaa wanakutazama usoni. Mtu wa safu za nyuma anapita mbele ya karibu kila abiria.

Bi mkubwa #3 nakubali kwamba watu wa msiba mmoja wanavunja hesabu yangu ya mbegu. Ila tuongeze na kumbukumbu. Safari ambayo hukukutana na mtu huisimulii kwa yeyote, ile uliyokutana unaisimulia miaka 10.

#19 Kaunta_ya_Tatu
Onyo moja linalohusu urafiki. Baada ya kukumbatiana hufuata: "Mwenzangu begi lako dogo, nichukulie hili boksi, kilo 8 tu, nisilipie ziada." Usichukue. Lebo ya begi inatoka na jina lako na namba ya tiketi yako. Likikutwa na kitu kisichoruhusiwa, anayeitwa ni wewe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: abiria asipopanda, begi lake linashushwa. Hiyo ni kanuni ya usalama. Boksi la rafiki likiwa na jina lako, yeye akabaki chini, litaruka bila mwenyewe na hakuna atakayejua.

Kilichozoeleka kuharibu mizigo ya Mtwara ni uraka, ile pombe ya mabibo. Haujamaliza kuchacha, unaendelea kutoa gesi ndani ya chupa, kizibo kinafyatuka na nguo za watu wengine zinalowa.

#20 Mnazi_Mkinda
#19 sasa tumwambie nini rafiki? Kumkatalia mtu wa utotoni ni kazi.

#21 Kaunta_ya_Tatu
Mwambie: "Njoo tupime wote kaunta, boksi liandikwe jina lako, ziada tuichangie." Kama mko ndege moja, muulizeni wa kaunta kama uzito unaweza kujumlishwa. Wengine huruhusu, wengine mpaka tiketi ziwe moja. Umemsaidia fedha, hujamsaidia jina.

#22 Ligula_B
Namba za simu pia msiziache mpaka nje. Mtwara mkishapata mabegi, wa Masasi ana gari linamsubiri, wa Newala na Tandahimba vilevile, wa mjini ameshadaka bajaji. Mnatawanyika ndani ya dakika 10. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege bado inaandika namba, hivyo andikeni mkiwa angani, na jina liwe na alama: "Baba Zuhura, Chikongola, tulisoma darasa moja". Ukiandika "Juma" peke yake, mwezi ujao una Juma saba.

#23 Shangani_Bondeni
Asanteni wote, nimenufaika. Swali la nyongeza: mmeonana kabisa, macho kwa macho, kisha yeye akageuza uso. Hiyo inasababishwa na nini?

#24 Pangaboi_Sita
Mara nyingi hakukuona. Anayetoka juani akaingia mlangoni, macho hayajazoea giza la ndani, anaona vivuli. Waliokaa wanamwona yeye vizuri.

#25 Ndundu_Kivukoni
Au ana deni lako.

#26 Mama_Chikongola
Au ana msiba, nimesema hapo juu. Au umemwita jina la utotoni. Usimfuate kwenye siti yake, ana watu pembeni. Msubiri pale mabegi yanapotokea. Pale kila mtu amesimama wima, mikono mitupu, hana pa kwenda mpaka begi lifike. Msogelee taratibu, "shikamoo" kama amekuzidi, mkono kama ni rika. Akiwa na la kusema atalisema hapo.